Mti Uliotusomesha: historia ya mumba kati ya Masisi na Walikale



Wengi munanijua kama mtu wa historia, na najua munangoja niandike tena juu ya Leopold wa Pili ama juu ya Mobutu. Leo hapana. Leo naandika juu ya mti mmoja. Na kabla hamujasema eti hiyo ni kazi ya watu wa agronomia, niwaulize swali la Goma kabisa: chukudu inatengenezwa na mti gani?

Sisi wote tumepita pale Rond-point Tchukudu. Wengine tulipiga picha ya toga chini ya ile sanamu ya rangi ya dhahabu, maana njo alama ya mji wetu: jasho, mzigo, na barabara ya mawe ya volkano. Lakini chukudu ya kweli, ile inayoshuka na magunia ya makala na viazi, ni ya mbao. Ukimuuliza fundi, atakujibu: mikaratusi, ama mumba. Akipata mumba anafurahi, kwa sababu ni mti mgumu, mzito, haupasuki ovyo. Fundi mmoja wa Sake aliniambia hivi: "Siku hizi mumba iko ya kutafuta. Zamani njo ilikuwa inakutafuta yenyewe."

Neno hilo lilinikaa kichwani, kwa sababu mumba na mimi tuna hesabu ambayo haijafungwa. Nitaieleza mbele. Kwanza tujue mti wenyewe.

MUMBA NI MTI GANI?

Kwetu tunaita mumba. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wanaita umwumba. Watu wa sayansi wanaandika Prunus africana. Watu wa biashara, ambao hawana muda, wanasema tu "prunus", ama "pygeum", jina lake la zamani. Ni wa jamaa ya waridi, ndugu wa mpichi, wa plamu, na wa yale matunda mekundu ya Ulaya yanayoitwa serizi. Lakini yeye ni wa Afrika tu: yuko Kameruni, Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, Tanzania, Ethiopia, mpaka Afrika ya Kusini na Madagaska.

Ni mti wa milima yenye ukungu. Unaanzia karibu mita 900 juu ya bahari na unapanda hadi kupita mita 3,000. Unaweza kufika mita 30 kwa urefu na zaidi. Gome lake ni jeusi, lenye mipasuko ya miraba. Ukilikwangua, ama ukivunja jani mkononi, unasikia harufu kama ya lozi chungu. Maua yake ni madogo, meupe, yamejipanga kwenye vishada vifupi. Si maua ya kupamba arusi, lakini mti mzima ukichanua nyuki wanajua mbele yako. Kisha yanakuja matunda madogo, mekundu yanayoelekea weusi, machungu sana kwa mtu. Ndege na nyani wanayala na kutupa mbegu mbali, na hivyo msitu unajipanda wenyewe.

Mutu aliyesafiri barabara ya Sake, Mushaki, Masisi, Nyabiondo, Kashebere, mpaka Walikale, anajua ile safari ni kama kushuka ngazi. Unaanza na koti, unamaliza na jasho. Mumba ni mti wa ngazi za juu. Walikale ya chini, kule kwenye joto na miti mikubwa ya bonde, si kwake. Mumba wa Walikale ni wa migongo ya mashariki, inayotazamana na Masisi. Kwa hiyo huu ni mti wa mpaka: mzizi mmoja Masisi, mwingine Walikale. Shikeni hilo, kwa sababu kwa historia ya kwetu mpaka ule umebeba mambo mazito.

KILIMA CHA BABU

Babu yangu alikuwa na kilima kidogo juu ya barabara ya Nyabiondo. Juu kabisa, palipo na baridi, kulikuwa na mumba mmoja. Mmoja tu. Kila kitu kingine kilikuwa maharagi, mahindi, na majani ya ng'ombe wa jirani. Nilipokuwa mtoto niliwaza kwamba Mungu alipanda mti mmoja pale kama alama. Babu alicheka. "Hapa kulikuwa pori, mjukuu. Pori la kupotea mutu. Huyu alibakia kwa sababu baba yangu alikataa wamukate, alikuwa anakunywesha gome yake watoto wakiwa na tumbo."

Mafundi walikuja kumuomba tawi la mpini wa jembe. Mama waliomba kipande cha kinu. Babu alikuwa anatoa, lakini kidogo kidogo, na kila mara upande mwingine wa mti. Hakusoma botania. Alijua tu kwamba mti ukiuvua nguo yote, unakufa.

MAJANI YALIYOKULA PORI

Hapa ninaomba muache kidogo picha nzuri za Masisi munazoweka kwenye simu. Ile milima ya kijani, laini kama zulia, ng'ombe weusi na weupe, ukungu kwa mbali, na watu wanaandika chini yake "Uswisi ya Afrika". Mimi pia nimeandika hivyo. Ni nzuri kweli. Lakini mtu wa historia akiitazama picha ile anapaswa kujiuliza: pori lilienda wapi? Mlima wa mita 2,000 karibu na mstari wa ikweta, wenye mvua kama ile, haukuzaliwa zulia. Ulizaliwa msitu.

Mwaka 1928 serikali ya Wabelgiji iliunda Comité National du Kivu, shirika lililopewa mamlaka juu ya ardhi kubwa sana ya Kivu, ili kuigawia walowezi wazungu. Ardhi iliyoandikwa kwenye karatasi "tupu" ilikuwa mara nyingi pori la wenyeji: mahali pa kuwinda, pa dawa, pa asali, pa kulima kesho. Mashamba ya kahawa, ya chai, ya pareto na ya ng'ombe yakafunguliwa.

Mashamba yalihitaji mikono. Kuanzia 1937 hadi 1955 wakoloni waliendesha Misioni ya Uhamiaji wa Banyarwanda, ile MIB tunayoisoma kwenye vitabu, na kuhamishia Masisi maelfu na maelfu ya familia kutoka Rwanda, nchi iliyokuwa pia mkononi mwao na iliyokuwa imepigwa na njaa. Familia zile zilipewa kazi moja ya kwanza: kufyeka. Pale Gishari, na kando yake, msitu uligeuka shamba kwa panga na moto ndani ya miaka michache. Hawakuwa maadui wa miti. Walikuwa watu walioambiwa: hapa njo kwenu sasa, limeni mule.

Kisha uhuru, na kisha karatasi nyingine. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa Serikali, hata ule uliokuwa chini ya mila. Tarehe 30 Novemba ya mwaka ule ule Mobutu alitangaza zairianisation, na mashamba ya wageni yakagawiwa kwa wakubwa wa siku zile. Aliyekuwa na karibu katika ofisi alipata hati. Aliyekuwa na kilima lakini hana hati aliamka asubuhi yuko mpangaji kwa kaburi la babu yake. Shamba la ng'ombe linataka majani, na majani yanataka jua. Miti ikaendelea kuanguka. Jibini ya Masisi tunayokula Goma na mkate wa asubuhi ina historia hiyo ndani yake. Siwaambii muache kuila. Mimi naila.

Nasema haya yote kwa uangalifu, kwa sababu najua ninaandikia watu wa familia tofauti. Kila tunapoongea ardhi ya Masisi, mtu anatafuta kabila la kulaumu. Mimi nimetafuta kabila lililofyeka mumba na nimelipata: ni sisi sote, kila mmoja kwa zamu yake, mara nyingi kwa amri ya mtu ambaye hakuwahi kulala kwenye ile baridi.

KARATASI YA MWAKA 1966

Wakati huo huo, mbali na sisi, gome la mumba lilikuwa linaanza maisha mengine.

Mwaka 1861 Gustav Mann, Mjerumani aliyekusanya mimea kwa ajili ya bustani ya Kew, London, alichukua sampuli ya mti huu kwenye Mlima Kameruni. Kew wakaupa jina Pygeum africanum. Mwaka 1965 mtaalamu Kalkman aliuhamishia kwenye ukoo wa Prunus, na mpaka leo majina yote mawili yanatembea.

Kwa miaka mia moja ilikuwa ni jina tu kwenye kabati. Kisha mwaka 1966, Ufaransa, Jacques Debat aliandikisha hati ya haki ya uvumbuzi: dondoo la gome la mti huu kama dawa ya tezi ya wanaume inayovimba uzeeni, ule ugonjwa unaomfanya mzee aamke usiku mara tano kwenda haja ndogo. Dawa ikaanza kuuzwa Ulaya. Na si uongo wa soko: mwaka 2002 watafiti walikusanya majaribio 18, yenye wanaume 1,562, na wakaona kwamba dondoo lile linasaidia kwa kiasi. Bazee wa Afrika waliokuwa wanachemsha gome kwa ajili ya kibofu hawakuwa wanaota ndoto.

Lakini tazameni tarehe. Mwaka 1966 hakuna mkataba wa dunia uliomlazimisha mtu kugawana faida na nchi ambako mti na ujuzi vilitoka. Mkataba wa viumbe hai ulisainiwa Rio mwaka 1992. Itifaki ya Nagoya, inayosema wazi juu ya kugawana faida, ni ya 2010. Kwa hiyo haki ya dawa ilikuja miaka arobaini na zaidi mbele ya haki ya mti. Wenzetu wa sheria, hapo muna kazi.

Nchi ya kwanza kuonja ukali wa biashara hii ni Kameruni. Kampuni ya Plantecam ilikuwa inanunua magome kule tangu miaka ya 1970, karibu peke yake, na wavunaji walifundishwa kuvua nusu tu ya gome. Mwaka 1985 leseni zilifunguliwa kwa wengine wengi. Kila mmoja alikimbia kabla mwenzake hajafika. Kati ya 1986 na 1991 kiwanda kilipokea wastani wa karibu tani 1,900 za gome kwa mwaka, na miti mingi ilivuliwa yote ama kukatwa kabisa ili wapate gome la matawi ya juu. Mwaka 2000 kiwanda kikafungwa.

MAGUNIA

Ilikuwa 2009. Nilikuwa naingia mwaka wa nne wa sekondari na baba yangu hakuwa tena na uwezo wa minervali. Walikuja wanaume watatu na pikipiki mbili, pamoja na kijana wa kijiji aliyewaongoza. Sitataja waliwatumikia nani. Walisema wananunua "prunus", kwa kilo. Bei ya kilo haikufika bei ya kilo ya maharagi sokoni. Lakini mti mkubwa una kilo nyingi, na gome halina msimu: unavuna leo, unalipwa leo.

Babu alisema wachukue upande mmoja. Wakasema hawawezi kurudi kwa ajili ya upande mmoja, barabara ni mbaya, na bunduki ni nyingi. Baba alimtazama babu. Babu alinitazama mimi, kisha akaenda kukaa ndani ya nyumba.

Walivua mti ule kuanzia mizizi hadi walipoweza kupanda. Chini ya gome mti ni mweupe, halafu baada ya saa chache unageuka mwekundu kama kidonda. Yale magunia yalikauka juani siku kadhaa, kisha yakapakiwa. Mimi nikalipa mwaka mzima wa masomo, na kalamu, na viatu.

Miaka mingi baadaye nilielewa kilichotokea. Chakula cha mti kinatengenezwa na majani, juu, na kinashuka kwenda mizizi kupitia ngozi ya ndani ya gome. Ukivua gome kuzunguka shina lote, umekata ile njia. Majani yanaendelea kuwa ya kijani kwa muda, unafikiri mti uko salama, kumbe mizizi inakufa njaa. Wetu ulikauka kutoka juu, polepole. Katika majira ya mvua ya pili haukutoa ua hata moja. Mwishowe ulichomwa makala.

Kuna njia nyingine, na inajulikana. Kanuni iliyotumika Kameruni ni hii: mti uwe na kipenyo cha sentimeta 30 ama zaidi, uchukue robo mbili za gome zinazotazamana, hadi tawi la kwanza, bila kujeruhi ile ngozi laini ya ndani, urudi baada ya miaka kadhaa kuchukua robo mbili nyingine. Gome linaota tena. Linganisheni na mzee wangu: kidogo kidogo, na kila mara upande mwingine. Babu na kitabu walikuwa wanasema jambo moja. Kilichokosekana ni mnunuzi aliye tayari kurudi mara ya pili, na nchi yenye utulivu wa kumruhusu arudi.

DUNIA INAANDIKA, MILIMA INAUNGUA

Musiwaze kwamba dunia haikuona. Mnamo Novemba 1994, kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Fort Lauderdale, Marekani, nchi zilikubali pendekezo la Kenya la kuuweka mti huu kwenye Kiambatisho cha Pili. Uamuzi ulianza kazi Februari 1995. Maana yake si kwamba biashara imekatazwa. Maana yake ni kwamba nchi inayouza gome nje inapaswa kutoa kibali, na kabla ya kibali, wataalamu wake waseme kwamba uvunaji hauangamizi mti porini. Muungano wa Dunia wa Uhifadhi, IUCN, nao unauweka kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini.

Sasa wekeni tarehe hizo kando ya zetu. Machi 1993, vita ya Masisi na Walikale ilianza sokoni Ntoto, Walikale. Watu waliokwenda kuuza na kununua hawakurudi. Moto ukapanda kuelekea Masisi, kwenye mpaka ule ule wa mumba. Julai 1994, laki na laki za wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma na kuhitaji kuni kila siku. Na Novemba ya mwaka huo njo dunia inakaa Fort Lauderdale kusema: hesabuni miti yenu mbele ya kuuza.

Nani angehesabu? Ili useme uvunaji hauangamizi, lazima ujue una miti mingapi, na ya umri gani. Ili ujue, lazima watu watembee msituni na kamba ya kupimia, kilima kwa kilima, siku nyingi. Katika miaka ile mtu aliyetembea milimani na kamba na daftari alikuwa anapimwa yeye. Kongo ilikuwa mwanachama wa CITES tangu 1976, sheria haikukosekana. Kilichokosekana ni amani ya kuhesabu.

Mwaka 2006 CITES iliiweka Kongo, pamoja na Kameruni, Madagaska na nchi nyingine, chini ya uchunguzi kuhusu biashara ya gome hili. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua magome ya Kameruni. Mwaka 2008 wataalamu walikutana Naivasha, Kenya, kujadili mti huu mmoja tu. Mwaka uliofuata wale wanaume wa pikipiki walifika kwa babu. Mikutano yote hiyo ilikuwa imekwisha kufanyika, na mimi, mwanafunzi, sikuwa nimesikia hata mmoja. Baba pia. Mjumbe wa kijiji pia. Habari iliyofika kilimani ilikuwa moja tu: kilo inalipwa.

Wengine watasema: basi, tatizo ni umaskini. Ni kweli, lakini nusu. Umaskini unaeleza kwa nini tuliuza. Hauelezi kwa nini tuliuza bei ya chini ya maharagi kitu ambacho kule mwisho wa safari kinaingia kwenye kidonge. Hiyo inaelezwa na ujinga wa bei, na ujinga ule haukuwa wa babu peke yake. Kulikuwa na watu wenye diploma kati ya kilima chetu na Ulaya.

MBEGU HAIKIMBII

Kuna jambo moja la mwisho juu ya mumba ambalo nililijifunza kwa mama mmoja mwenye kitalu cha miche, karibu na Mushaki, kabla vita vya miaka hii havijarudi.

Mbegu ya maharagi unaweza kukimbia nayo. Mama zetu wamefanya hivyo mara ngapi? Wanaifunga kwenye kona ya kitenge, wanalala nayo kambini, vita vikipoa wanarudi na kupanda. Mbegu ya mumba hapana. Ikikauka sana ndani ya gunia imekwisha. Inataka kupandwa mapema, ikiwa bado na unyevu wake, kwenye kivuli, mahali pa baridi. Kisha mche unataka miaka, karibu 15 ama 20, mpaka utoe maua na mbegu zake wenyewe. Mti huu unaomba watu wanaokaa mahali pamoja kwa miaka 20. Niambieni ni nani kati yetu, aliyezaliwa Masisi ama Walikale, ambaye familia yake imekaa mahali pamoja miaka 20.

Njo maana nasema historia ya mumba ni historia yetu. Kila mara tunapokimbia, kuna matunda yanaanguka chini ya mti ambao hakuna mtu wa kuokota.

Lakini yule mama alikuwa nayo miche. Kama 40 hivi, kwenye mifuko myeusi ya plastiki, chini ya paa la majani. Nilimuuliza nani ananunua. Akasema: "Hakuna. Nawapatia watu wakinunua kahawa, naongezea moja bure. Mutu akipewa bure anapanda, akisikia harufu anauliza, nikimueleza anachunga." Sijui kama kitalu kile bado kipo. Najua kwamba mmoja wa miche ile niliupeleka kwa babu.

Babu alikuwa amezeeka sana. Aliupanda mwenyewe, hatua chache kutoka pale ulipokuwa ule wa zamani, akakataa nimsaidie. Nilimwomba msamaha kwa ule wa kwanza. Alinijibu bila kunitazama, mikono kwenye udongo: "Usiombe msamaha. Ile muti njo ilikusomesha. Sasa wewe na masomo yako, fanya ule ingine usiuzwe na njaa."

Amefariki tangu wakati ule. Familia iko Goma, kama familia nyingi za kule. Mche ule ukiwa hai, leo unanipita urefu.

Sina mahubiri, bandugu. Nina maombi matatu kwa chama chetu. Mwaka huu, wenye babu na nyanya bado hai, waulizeni: kilimani kwenu mumba ulikuwa wapi, waliuitaje, ulitibu nini? Andikeni, hata kwenye simu, maana wale wazee hawahifadhiki kama vile mbegu ile haihifadhiki. Wenye TFC ya kuandika, katika historia, sheria, agronomia ama uchumi, hapa kuna somo ambalo halijachoka, na milima yetu inalihitaji. Na ile michango tunayotoa kila mwaka kwa ajili ya sherehe ya toga: tutenge kidogo tununue miche kwa mtu aliye na kitalu, na tuigawe kwa wale ambao bado wana kilima cha kurudia, kwa bei ile ya mama wa Mushaki: bure, pamoja na maelezo.

Mimi nitatoa wa kwanza. Nina deni la mti mmoja, na ninajua wengi wenu munalo pia, hata kama kwenu lilikuwa ng'ombe, ama shamba la ndizi, ama gunia la kahawa. Andikeni chini hapa: ni nini kiliuzwa kilimani ili wewe usome?